Papa wa Ukutani: Nilivyolitengeneza Bango la Filamu kwa Mikono Yangu

Mtu aliyenishauri nitumie plastisini, lile donge la rangi watoto wanalofinyangia, hajawahi kulala katika chumba cha ghorofa ya juu cha Mji wa Kale wa Mombasa mwezi wa Februari, kaskazi imelegea na mabati yanalia kwa joto. Katika video yake alikuwa amevaa sweta, na sweta hiyo peke yake ingetosha kunizindua. Lakini mwenye hamu haoni, nami nilikuwa na hamu ya kutengeneza bango la filamu ambalo picha yake hailali bapa kwenye karatasi bali inatokeza nje, kiasi cha mtazamaji kuweza kuutia mkono kinywani mwa mnyama.

Mdogo wangu alikuwa amefungua chumba cha kuonyeshea mpira na filamu kule Kisauni, na kuta zake zilikuwa tupu. Baba yetu, ambaye ujana wake aliumalizia katika sinema za Regal na Naaz, hachoki kutusimulia jinsi watu walivyosimama nje kuyatazama mabango hata kama hawakuwa na senti ya tikiti. Nikamwahidi mdogo wangu bango moja tu, lakini la kusimamisha watu. Nilichagua Jaws, filamu ya Steven Spielberg ya mwaka 1975, kwa kuwa papa sisi tunamjua, na kwa kuwa bango lenyewe halina mambo mengi: juu pana jina kwa herufi nyekundu, chini yake mwanamke anaogelea, na kutoka vilindini anapanda papa kichwa juu, kinywa wazi. Mchoro huo aliuchora Roger Kastel kwa ajili ya jalada la riwaya ambayo filamu ilitokana nayo, wenye filamu wakauchukua kwa bango lao, na baadaye mchoro wa asili ukapotea. Nikajiambia kwamba ukipotea wa asili, wangu utakuwepo.

Plastisini niliinunua katika duka la vifaa vya shule, pakiti kama ishirini hivi, nikazikanda rangi zote pamoja mpaka zikatoa kijivu kisichopendeza lakini cha kutosha. Kwa usiku mbili nilifinyanga kichwa juu ya kipande cha plaiwudi cha futi mbili kwa tatu, nikakipiga picha na kuwatumia jamaa wote, hata wale tusiosalimiana. Siku ya tatu nikakitundika ukutani na kwenda kazini. Plastisini ya watoto ina nta na mafuta, haikauki kamwe, na joto likiipata hulainika. Hayo nayajua leo. Niliporudi saa kumi alasiri, taya la juu lilikuwa limelishukia la chini na papa wangu amefumba kinywa, pua imemlalia kidevuni kama mzee aliyepitiwa na usingizi barazani. Ubao nao ulikuwa umenyonya mafuta, na rangi haikushika tena juu yake.

Jaribio la pili ndilo ninalopenda kulisimulia, ingawa lilinitia aibu mbele ya mtaa mzima. Jirani alinunua friji, nami nikaomba lile povu jeupe gumu lililokuja nayo katika boksi. Lilikuwa jepesi na halijali jua, nikaona nimeshinda. Nililikata kwa kisu cha mkate, na kwa wiki nzima vile vipunje vyeupe vilitembea nyumba yote: viliganda kwenye buibui la mama, vikaingia kwenye mchele, na mke wangu akaniuliza kama nimeamua kufuga theluji. Hata hivyo kichwa kilitoka kizuri kuliko chochote nilichowahi kukigusa, chenye mashavu, matundu ya pua na ule mkunjo unaopita nyuma ya taya. Nilikibandika kwenye ubao mpya, nikalishusha bango barazani ili harufu ya rangi isikae ndani, na watoto wa mtaa wakakusanyika. Mimi nami, badala ya kuwafukuza, nikawapanga mstari wapate kuona fundi anavyofanya kazi.

Nilikuwa na mkebe wa rangi ya kupuliza, ile ya magari, ya kijivu. Nilipuliza mara moja kutoka puani hadi utosini, kwa madaha kabisa. Kwanza rangi ililala vizuri. Kisha nikasikia sauti ndogo, kama maji yaliyodondokea kwenye kaango la moto, na juu ya pua pakatokea kishimo cha ukubwa wa kunde. Nikadhani ni kiputo, nikapuliza tena ili kukifunika. Hapo ndipo papa alipoanza kuliwa. Kishimo kikawa kisima, mashavu yakabonyea, matundu ya pua yakaungana yakawa tundu moja, na uso wote ukarudi nyuma polepole mbele ya macho yetu. Mtoto mmoja akasema kwa sauti ya huruma, "Mjomba, samaki wako anayeyuka kama barafu ya ukwaju," na wenzake wakacheka hadi wakakaa chini. Kumbe vimumunyisho vilivyomo katika rangi za namna hiyo, jamii ya asetoni, huiyeyusha polistirini, na polistirini ndilo povu lenyewe. Mwenye povu na atumie rangi ya maji, au alivike kwanza magazeti na gundi tabaka mbili tatu zikauke ndipo apulize anachotaka. Hakuna video hata moja kati ya zile nilizotazama iliyolisema jambo hili, ingawa zote zilikuwa na muda wa kuniomba nibonyeze kengele.

Baada ya hapo nilikaa wiki kadhaa bila kuligusa bango, mpaka shangazi yangu, ambaye hupamba keki za harusi, aliponiona nimenuna na kuniuliza kisa. Alisikiliza kwa subira, kisha akasema, "Mwanangu, umehangaika na vitu vya dukani, na mimi maua yangu nayapika jikoni." Akanionyesha donge lake: kikombe kimoja cha wanga wa mahindi, kikombe kimoja cha gundi nyeupe ya mafundi seremala, kijiko kikubwa cha mafuta ya watoto na matone ya ndimu. Huwekwa kwenye moto mdogo na kusongwa bila kupumzika mpaka liiache sufuria kama sima iliyoiva, kisha hukandwa likiwa bado moto na mikono iliyopakwa mafuta. Likipoa huwa laini kama unga wa chapati, na likikauka huwa gumu kama kaure. Mimi nililipika katika sufuria ya mke wangu ya maziwa, na hilo ni kosa ambalo gharama yake nitaitaja baadaye.

Kichwa nilikijenga upya kwa waya wa kuku na magazeti yaliyoloweshwa, nikakivika donge la shangazi kwa tabaka jembamba. Donge hilo husinyaa likikauka, kwa hiyo nyufa zitatokea, na mtu asitaharuki bali azijaze kwa donge jipya lililolegezwa kwa maji kidogo. Nilikuwa nimeingia Mei, masika imekolea, na hewa ya Mombasa ikawa nzito hata chumvi ikageuka maji kwenye kopo. Kilichopaswa kukauka kwa siku tatu kilichukua karibu wiki mbili, na siku ya nne nikaona kuvu ya kijani chini ya kidevu. Shangazi aliniambia nifute kwa siki, halafu kila donge jipya nilitie matone ya mafuta ya karafuu. Kuvu haikurudi, na hadi leo ukimsogelea yule papa unanusa pilau.

Sasa nije kwenye meno, kwa maana hapo ndipo ninapojisifu bila haya. Meno ya kwanza niliyafinyanga kwa donge lile lile, nikayapanga mstari mmoja ulionyooka, sawasawa, nikaridhika. Ami yangu, ambaye amevua maisha yake yote nje ya mlango wa Kilindini, alipita kunijulia hali. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yako kwenye bango, akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Huyu si papa, huyu ni chewa aliyetiwa meno ya bandia." Hakuongeza neno. Kesho yake alimtuma mjukuu wake na taya kavu la papa lililokuwa likining'inia ukutani kwake tangu sijazaliwa.

Nililiweka taya lile mezani nikalitazama jioni nzima. Meno hayakai mstari mmoja: nyuma ya yale ya mbele ipo safu nyingine, na nyingine tena, zimelala kuelekea ndani zikisubiri zamu, kwa sababu papa hung'oka meno na kuotesha mengine maisha yake yote. Hata yale ya mbele hayasimami wima, bali yameinamia kooni. Papa mkubwa mweupe, aliye kwenye filamu, ana meno ya pembetatu yenye kingo za msumeno. Donge langu halikuweza kutoa kingo kali namna hiyo. Kila nilipolikwangua lilivutika.

Jawabu nililikanyaga kwa mguu. Asubuhi moja nilikuwa nikitembea ufuoni Nyali, nikakanyaga mfupa wa dome, yule jamaa wa ngisi, ule mweupe, mwepesi, wenye umbo la mtumbwi, ambao wafugaji wa ndege hununua ili kasuku wanolee midomo. Nikaukwangua kwa ukucha, ukatoa unga kama chaki. Masonara wa nchi nyingi wamekuwa wakichonga kalibu za kumiminia dhahabu na fedha katika mfupa huu huu, na kama unachukua nakshi ya pete hauwezi kushindwa na jino. Niliokota sita, nikaiosha kwa maji baridi ikaacha harufu, nikakata vipande kwa wembe na kuvinyoosha kwa msasa laini. Kingo za msumeno nilizichora kwa kugandamiza ukingo wa kitana cha chawa, jino baada ya jino. Kwa kuwa mfupa huo huvunjika upesi, nililichovya kila jino katika gundi iliyozimuliwa kwa maji, na ikikauka linang'aa kidogo kama lililolowa mate. Nilichonga meno arobaini na kitu, nikayapachika kwa safu tatu, ya nyuma yakiwa yamelala.

Mengine yalikwenda upesi. Maji ni karatasi laini ya chooni iliyokunjwa ikiwa imelowa gundi, ikapakwa buluu kutoka nyepesi juu hadi nzito chini, na vanishi ikamwagwa juu yake. Herufi nyekundu nilizikata kutoka soli za ndara kuukuu, ambazo ufuo wetu haujawahi kupungukiwa nazo. Ubishi ulikuwa juu ya mwogeleaji, ambaye katika mchoro wa Kastel hana nguo. Mama alisema maneno machache yaliyotosha, nami nikakata kipande cha dera lake la zamani, nikakichovya katika gundi na kumvika, kikakauka kimetanda majini kama kimechukuliwa na mkondo. Wapo wanaosema nimeharibu mchoro. Mimi naona papa wa Mombasa angemkuta na dera.

Kwa jumla nilitumia kama shilingi elfu nne, au elfu tano na kitu ukihesabu sufuria mpya ya maziwa. Bango limetundikwa Kisauni juu ya mlango, taa ikilimulika kutoka juu ili kivuli cha pua kiangukie kinywani; taa ikiwekwa mbele, kazi yote ya miezi huonekana bapa. Ami alikwenda kuliona siku ya fainali. Alimtia papa kidole kinywani, akapapasa safu ya pili, kisha akaniuliza taya lake nitalirudisha lini.

Jino la tatu kutoka kushoto halipo tena. Mdogo wangu anasema limeanguka lenyewe, lakini yule mtoto wa barafu ya ukwaju nimemwona amevaa kitu cheupe shingoni kwa uzi, na akinikuta njiani hukifunika kwa kiganja. Nimebakiwa na mifupa miwili ya dome.