Newala hadi Nyangao kwa baiskeli, kwa njia za mahameni

Siku hizi ukipanda baiskeli kwenye barabara kuu ya Mtwara–Masasi, shingo ndiyo inayochoka kabla ya miguu. Tangu makaa ya mawe ya Ruvuma yaanze kusafirishwa kupitia bandari ya Mtwara, malori yanafuatana usiku na mchana, na upepo wa lori moja tu unatosha kukutupa mtaroni. Hapo bado hujahesabu ya saruji, na ya korosho msimu ukifunguliwa. Kazi yangu ni ya kukaa dukani kutwa, baiskeli ndiyo starehe yangu, na sikuwa tayari kuiacha kwa ajili ya malori.

Nikaamua kutafuta safari ndefu isiyo na gari. Nianzie Newala, juu ya uwanda wa Makonde, nipite Kitangari, niteremke bonde la mto Lukuledi hadi Mtama, nimalizie Nyangao. Barabara inayofahamika ya Newala–Kitangari–Mtama nayo ni ya vumbi, lakini ina mabasi, bodaboda na Noah zilizojaa hadi mlangoni. Nilitaka zile zilizo nyuma yake.

Kwenye simu hazionekani. Ramani ya setilaiti inaonesha mistari myeupe mingi katikati ya mikorosho, mingine inakatika bila sababu. Aliyenifumbulia ni mzee mmoja pale Newala, nilipokuwa nimesimama ukingoni mwa Shimo la Mungu natazama bonde la Ruvuma na Msumbiji kwa mbali. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu. Akacheka.

"Mjomba, wewe usiulize njia ya Kitangari. Ukiuliza Kitangari watakurudisha barabarani. Uliza njia ya mahameni."

Baadaye nilielewa alichomaanisha, na ndicho kilichoibeba safari yote: hame ni mahali palipokuwa na makazi, watu wakahama. Zamani watu wa huku walikaa kwa ukoo ukoo, kila ukoo na mikorosho yake. Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamishia kando ya barabara, wakapangwa kwa mistari. Nyumba zikahama, mikorosho ikabaki. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani 145,000 hivi, kisha mavuno yakaporomoka kwa miaka mingi, na umbali kati ya mkulima na shamba lake ni mojawapo ya sababu zinazotajwa. Lakini watu hawakuacha kwenda mashambani kwao. Walikwenda kwa mguu na kwa baiskeli, mpaka leo wanakwenda, na njia hizo ndizo zinazounganisha hame moja na jingine nyuma ya vijiji vya sasa. Gari halina la kufanya huko, isipokuwa trekta au pikapu ya kubeba magunia msimu wa mavuno.

Hame unalitambua kwa miembe. Unaendesha kwenye mikorosho tupu, ghafla unakuta miembe minene mitatu minne imesimama pamoja, pengine na makaburi yaliyofyekwa vizuri. Hapo palikuwa na watu. Kivuli chake ni kizito, nami nilipumzika kila nilipoipata.

Nilikwenda mwezi Julai, na ningemshauri yeyote achague Julai au Agosti. Mvua zimeisha kitambo, kuna baridi ya asubuhi, na korosho za msimu uliopita zilishauzwa kwa hiyo hata pikapu hazipo. Kero yake ni salfa. Huu ndio wakati wa kupulizia mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga, na alfajiri, upepo ukiwa umetulia, mashine zinanguruma kila upande na vumbi la njano linaelea kati ya miti. Linawasha macho na koo. Nilifunga kitambaa puani, na nilipoona wapuliziaji wako upande upepo unakotoka nilisubiri wamalize mstari. Ukitaka harufu nzuri nenda Oktoba, mabibo, yale matunda ya mkorosho, yameiva, yamejaa chini, na kwenye vibanda vya mashambani watu wanakamua uraka, pombe ya mabibo. Dodoma wana mizabibu na mvinyo wao, huku kuna mabibo. Ila Oktoba ndipo malori yanapoanza kuja kwenye maghala, halafu jua la uwandani mwezi huo si la kuchezea.

Sasa mchanga. Watu wakisikia unatoka Newala wanakuonya kuhusu vilima, lakini juu ya uwanda hakuna vilima vya kutisha. Mji uko zaidi ya mita 600 juu ya bahari, ila ukishafika juu ni tambarare inayoyumbayumba tu. Adui ni mchanga. Upo mwekundu na upo mweupe, na mahali pengine unafunika nusu ya rimu. Baiskeli yangu ni ya mtumba, ya gia, tairi za inchi 26 zenye upana wa inchi mbili. Kabla sijatoka Mtwara fundi alinivalisha vipande vya tyubu kuukuu kati ya tairi na tyubu kwa ajili ya miiba, na hilo peke yake liliniokolea viraka vingi. Lakini kwenye mchanga kinachosaidia ni upepo wa tairi. Nilipunguza mpaka dole gumba likibonyeza linazama kidogo. Tairi likawa pana chini, likapanda juu ya mchanga badala ya kuukata.

Mengine niliyapata kwa kuwafuata vijana wanaobeba maji. Walikuwa na baiskeli zile nzito zisizo na gia, madumu manne hadi sita yamefungwa nyuma, nao wananipita! Nikakaa nyuma ya mmoja nimtazame. Hapiti katikati ya njia hata siku moja. Anapita pembeni kabisa, kwenye ukanda mwembamba ambao miguu na tairi zimeushindilia, kando ya majani. Ukanda ukihama upande wa pili naye anahama, mapema, kabla hajaingia kwenye mchanga mzito. Usukani hausokoti, anaushika kwa ulegevu na kuiacha baiskeli icheze. Nami kwa kuwa nina gia niliongeza langu moja: shusha gia kabla ya mchanga, maana ukiwa ndani umeshachelewa, mnyororo utalia na wewe utashuka. Breki ya mbele isahau. Na endesha asubuhi, umande ukiwa bado umeshikilia mchanga. Kuanzia saa tano hivi mchanga uleule uliopita umekaa unakulazimisha ukokote.

Kilichowafanya wale vijana wabebe maji ni jambo la kupangia safari. Uwanda wa Makonde hauna mito. Mvua inanyesha, mchanga unaimeza, maji yanatokeza chini, mabondeni. Mradi wa maji wa Makonde ni wa tangu enzi ya mkoloni na chanzo chake kikubwa, Mitema, kiko bondeni huko Kitangari, maji yanasukumwa kwa pampu kuja juu. Bomba likikatika, watu wanategemea visima vya kuvunia maji ya mvua ya bati, na wakati wa kiangazi maji hayo yana hesabu. Nilibeba lita sita, na nilipohitaji zaidi nilinunua. Kuomba maji ya bure uwandani si adabu, hata kama watakupa.

Kuhusu kuuliza njia, nilijifunza kuuliza kwa ghala. Kila kijiji kina ghala la chama cha msingi, AMCOS, na njia zote za mashambani zinakwenda huko kwa sababu korosho zote zinauzwa kupitia stakabadhi ghalani, yaani mkulima anazikabidhi ghalani kwanza, anapewa risiti, ndipo zinauzwa. Kwa hiyo nikiwa kwenye hame naulizia njia ya ghala la kijiji kinachofuata, nikifika ghalani naulizia njia ya mahameni upande wa pili. Hivyo hivyo hadi Kitangari. Katika kila kijiji nilichotaka kulala au kukaa muda mrefu nilianzia kwa mtendaji nikajitambulisha. Mpaka uko karibu na mgeni mwenye baiskeli na mzigo anaulizwa maswali, bora ayajibu mapema. Nilikolala nilipewa ugali wa muhogo na kisamvu, na asubuhi ming'oko, viazi vya porini, ya kuchemsha niliyoifunga kwenye keria. Chakula bora cha njiani sijakipata bado.

Kutoka Kitangari kuteremka kuelekea Mtama nilirudi kwenye barabara yenyewe, hakukuwa na namna, ukingo wa uwanda ni mkali na njia za pembeni ni za mbuzi. Mchanga unaisha, changarawe inaanza. Nikaongeza upepo. Breki zangu ni za kubana rimu, na mteremko mrefu unazipasha moto, hivyo nilisimama mara kwa mara, nikigusa rimu kwa nyuma ya kidole. Ikiunguza, nakaa. Abiria wa basi moja walinicheka.

Mtama niliivuka lami mara moja, haraka, lori la makaa likiwa bado mbali. Halafu nikaingia tena vichochoroni, kwenye njia za mashamba ya bonde la Lukuledi, kuelekea Mahiwa na Nyangao. Udongo hapa ni mwingine, mweusi, mgumu wakati wa kiangazi, una nyufa. Unaendesha kwa raha isipokuwa kwenye makorongo, ambapo unabeba baiskeli begani.

Mahiwa leo ni mashamba. Oktoba 1917 walipigana hapa siku nne mfululizo, jeshi la Wajerumani la Paul von Lettow-Vorbeck na la Waingereza, ila ukisema hivyo unawasahau waliokuwa kwenye mahandaki: askari wengi wa pande zote mbili walikuwa Waafrika, wakiwemo waliotoka Nigeria. Na Newala nilikoanzia, mwaka mmoja kabla, Wareno walivuka Ruvuma wakaiteka boma, wakafukuzwa kabla ya mwaka kwisha. Wapagazi wa vita hivyo walipita bonde hilihili na mizigo kichwani. Nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa analima kama kuna alama yoyote ya vita. "Alama zipo kwa mapadri," akasema, akanielekeza Nyangao. Misheni ile nayo ina yake, iliwahi kuharibiwa katika vita vya Maji Maji mwaka 1905, ikajengwa upya, na sasa watu wanaijua zaidi kwa hospitali.

Nyangao nilisimamisha basi la kurudi Mtwara. Konda alitaka nilipie baiskeli nauli ya mtu mzima. Tulikubaliana nusu, kwa sharti niipandishe juu na kuifunga mwenyewe. Ukifanya hivyo toa pedali kwanza, na usukani uufunge kwa kamba ya mpira, maana mizigo ya wenzako itawekwa juu yake utake usitake. Safari ijayo nataka kuvuka bonde niende upande wa Rondo. Nimeshaambiwa huko mahame yapo, na mchanga ni mdogo.