Kinanda na udi, Ijumaa moja Mkomani, Lamu

Jamani wiki hii simu imenikosesha usingizi. Nilikua napitia Yutubu tu nikaangukia Wachina wawili, mmoja guzheng mmoja piano, hakuna noti hakuna nini, wanajitungia papo kwa papo. Guzheng ukiwahi kuona kanuni, ile ala ya taarab ya nyuzi nyingi, basi ni dada yake, ila ndefu, nyuzi 21, kila uzi na kidaraja chake, mkono wa kulia unadonoa wa kushoto unabinya upande wa pili mpaka sauti inapinda, inalia kama mtu. Sasa piano haipindi! Vibonye 88 na kila kimoja sauti yake ndo hiyo hiyo, utake usitake. Wanaelewana vipi?

Ijumaa baada ya isha nikabeba kinanda changu (kile cha stima) hadi kwa mjomba, yeye udi (ile ala ya nyuzi) anapiga tangu sijazaliwa. Akaanza taksim, yaani kujitungia peke yake, ya bayati, ngazi ya sauti ya Kiarabu, mimi huyo nyuma yake, balaa tupu. Bayati ina sauti moja ya robo, imejificha katikati ya vibonye viwili, nikibonyeza niko juu, nikibonyeza tena niko chini, hata paka walihama barazani na paka wa Amu hawahami ovyo. Mjomba akalaza udi mapajani: "Ata (acha) kunifukuza, mwanangu, ningojee."

Haya, nikashika noti mbili, re na sol tu, za chini, naziacha zififie zenyewe ndo naongeza nyingine. Ile ya robo nikamwachia mwenyewe. Weee, ikaanza kukaa! Na nilipoirudia video nikaona kumbe yule wa piano nusu ya muda mikono iko mapajani, mimi nilikua naangalia vidole vya guzheng tu.

Mjomba akanikumbusha taishokoto, ile ala ya Kijapani iliyotengenezwa Nagoya 1912, nyuzi unadonoa huku mkono mwingine unabonyeza vibonye kama vya taipureta, mbona imeingia taarab ya pwani siku nyingi na hakuna aliyeshangaa. Hapo sikua na jibu.

Tukarudia. Katikati stima ikapotea, kinanda kikakata, yeye hata hakugeuka, akaendelea na taksim yake gizani na mimi nimeweka vidole juu ya vibonye vilokufa, ndo nasikia nafasi zote alizokua ananiachia.