Kitulo kwa miguu

Jumamosi mimi na dada tulipanda Kitulo, uwanda wa juu milimani kusini-magharibi mwa Tanzania, kupitia Chimala. Kutoka hapo hadi Matamba kuna zile kona 57, na dereva wetu alipiga honi kwenye kila moja. Dada alifumba macho karibu njia nzima. Mimi nilikuwa nachungulia bonde la Usangu likizidi kuwa dogo chini yetu.

Watu wa huku wanaiita Bustani ya Mungu. Tangu 2005 ni hifadhi ya taifa, kilomita za mraba 413, na kilichoipa hadhi hiyo ni maua, si simba wala tembo. Ndiyo maana unatembea. Ukipita na gari utaona majani tu, tena utadai umedanganywa. Lazima ushuke, uchuchumae.

Nilichuchumaa mbele ya okidi moja isiyofika hata goti. Maua yamepangana kwenye bua kuanzia chini, ya juu bado vifundo, na kila lililochanua lina vijipembe viwili nyuma, vyembamba kama uzi, ndimo inamokaa asali yake. Okidi pekee zipo aina 45 huko juu. Dada akainama, akatazama weee, kisha akasema, "Mdogo wangu, si ndiyo chikanda hii?"

Ndiyo yenyewe, au ndugu yake. Viazi vyake huchimbwa, vikatwangwa na karanga, magadi na pilipili, vikapikwa kuwa chakula kinachoitwa chikanda, na soko kubwa liko Zambia, ng'ambo ya Tunduma. Shida ni kwamba kuchimba kiazi ni kuua mmea mzima. Wanaochimba siwezi kuwatukana, maana ada za shule zinatafutwa popote, lakini ndani ya hifadhi nafurahi ni marufuku.

Bustani za mjini zina kibao cha "Usikanyage majani". Huku hakuna kibao, na bado nilijikuta nanyanyua miguu kama paka aliyelowa. Askari wa hifadhi akanicheka.

Mkitaka kwenda, maua ni Desemba hadi Aprili, wakati wa mvua. Bebeni sweta zito na mabuti, ni zaidi ya mita 2,600 kule, ukungu haubishi hodi.

Matamba tukasimama kununua viazi mviringo. Dada, aliyekuwa kimya kwa baridi, akapata sauti yake yote kwenye bei ya gunia.