Siku Moja Maishani Mwangu: Kazi ya Kumsaidia Mtu Azungumze kwa Ubongo

Saa mbili asubuhi huwa nimekwisha kufika nyumbani kwa mshiriki wa utafiti wetu, mzee ambaye ugonjwa wa ALS, unaoua neva zinazoendesha misuli, umemnyima mikono, miguu na usemi, ingawa akili yake ni timamu. Ubongoni mwake zimepandikizwa elektrodi, yaani vihisio vidogo vya umeme, na nyaya zake hutokea kwenye soketi zilizokazwa kwenye fuvu. Nasafisha ngozi inayozunguka soketi hizo, kwa kuwa hapo ndipo maambukizi yanapoweza kupenya, kisha naunganisha nyaya na kompyuta.

Saa tatu tunairekebisha programu. Sentensi hutokea kwenye skrini, naye hujaribu kuitamka kana kwamba kinywa kingali kinamtii. Ishara za neva hubadilika siku hadi siku, hivyo programu haina budi kuzoeshwa upya. Wengi hudhani kwamba kifaa husoma mawazo. La hasha: elektrodi hunasa jitihada ya kusogeza midomo, ulimi na koo, programu hukisia fonimu, yaani sauti moja moja za lugha, kisha modeli ya lugha, yaani programu inayobashiri maneno yanayoelekea kufuatana, huziunga ziwe maneno.

Saa tano binti yake hufika, na hapo ndipo kazi yenyewe huanza. Mwaka 2021 watafiti wa San Francisco walimwezesha mtu aliyepatwa na kiharusi kutumia maneno 50, kwa kasi ya takriban maneno 15 kwa dakika. Mwaka 2024 wenzao wa UC Davis, yaani Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, walitangaza usahihi wa asilimia 97 kwa msamiati wa maneno 125,000. Nazithamini takwimu hizo, lakini leo mzee alipotaka kumpinga bintiye, sauti ilitoka baada ya sentensi kukamilika, wakati binti amekwisha kuhamia jambo jingine. Kwa maoni yangu, ucheleweshaji huo huumiza kuliko neno lililokosewa, maana asiyeweza kudakia hoja hubaki msikilizaji tu. Ndiyo sababu mfumo uliochapishwa mwaka 2025, unaotoa sauti papo hapo pamoja na kiimbo chake, unanivutia zaidi.

Saa nane anapumzika, kwa sababu jitihada hiyo humchosha mno.

Saa kumi, kabla sijachomoa nyaya, aliandika kwenye skrini kwa kifaa hicho hicho: “Mwanangu, futa yale niliyozungumza na binti yangu.” Itifaki yetu inampa haki hiyo. Nikazifuta rekodi mbele yake, nikaandika kwenye ripoti kwamba data za muda huo hazipo, bila kueleza zilihusu nini.