Chumba cha watoto pale Gisozi

Juzi nilimpeleka mpwa wangu, yuko kidato cha tatu, kwenye jumba la kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya Watutsi pale Gisozi, Kigali. Nilijiandaa na takwimu: siku 100 za mwaka 1994, makaburi ya watu zaidi ya 250,000 hapo hapo nje. Akaitikia tu kwa kichwa.

Tulipoingia chumba cha watoto, akaganda. Picha kubwa, na chini yake jina, umri, chakula alichokipenda, kisha namna alivyouawa. Alisoma moja moja. Mimi nilijifanya nashughulika na simu (machozi hayana adabu).

Njiani akasema, "Mjomba, sisi shuleni tulipewa nusu ukurasa." Nikamweleza kwamba hata Rwanda, baada ya 1994, ilisimamisha somo la historia kwa miaka, kwa sababu mafundisho ya zamani yalikuwa yamesaidia kuwagawa watu. Zamani niliuona ule ni woga. Siku hizi siko mwepesi kuwahukumu. Ila nusu ukurasa, jamani!

Usiku akaniuliza kama wauaji nao walikuwa na watoto. Nikamwambia ndiyo, wengi wao.