Kaye ya likelemba

Leo jumamosi, mvua inanyesha tangu asubui, niko na kaye (daftari) ya likelemba yetu, mchezo wa kuchangiana pesa, ku magoti na nimeona afazali niandike kitu chenye kinanikaa mu roho tangu 2021.

Ku avenyi yetu hapa Goma tuko batu 12. Kila jumamosi kila mutu analeta faranga 5000, mumoja anabeba 60000 yote, juma lenye kufuata ni zamu ya mwingine, mpaka mzunguko unaisha. Hakuna karatasi, hakuna dhamana. Mwenye amebeba wa kwanza anaweza acha kulipa kesho yake na hakuna mwenye atamufunga. Mwenye kuchunga kaye na pesa ni mama wa makala, yeye ametoka Masisi, mu nyumba yake banasema Kinyarwanda. Mimi niko Munande, wazazi balitoka Lubero. Kuko pia Bashi, Bahavu, Bahunde. Myaka mingi nilinunua makala kwake, lakini kuketi naye, kula naye, hapana.

Tarehe 22 Mei 2021 mchana tulichanga, zamu ilikuwa yangu, nilikuwa nibebe pesa kesho kisha misa. Magaribi volkano ya Nyiragongo ikapasuka, moto ukashuka mpaka Buhene, kila mutu akakimbia na wake. Tukarudi, udongo ukatetemeka siku na siku, tarehe 27 tukaambiwa tutoke mu mji, sie tukaenda Sake na bidoni moja na godoro juu ya chukudu (baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo) ya jirani.

Kule Sake, mu darasa lenye tulilala, nilisema mbele ya batu: "Pesa yangu imeisha, bale batu tunabajua." Kwa kinywa changu. Hakuna mwenye alinipinga, bengine balitikisa kichwa, na mimi nikaona kumbe niko na haki.

Mwezi wa sita tuliporudi nikamukuta mama wa makala mbele ya mlango wetu, ameketi ku ukuta wa mawe (yale mawe ya volkano ya 2002 yenye tulijengea), pesa imefungwa mu kipande cha kitenge. Akasema tu, "Mama, hesabu." Ilitimia. Nyuma mtoto wake njo aliniambia kama kule Rutshuru, kwenye balikimbilia, balikuwa banaomba viazi kwa batu. Banaomba viazi, na 60000 yangu iko mu kitenge!

Sikumwambia kitu. Nilinyamaza karibu myaka ine.

Mwisho wa Januari 2025 vita iliingia mu mji, benki zikafunga, pesa ikakosa, batu bakaanza kuangaliana, na kwa mkutano wa likelemba mumoja akasema kaye itoke kwa mama wa makala, "juu ya luga yake, munaelewa." Yeye mwenyewe alikuwa pale. Nikasimama, magoti inatetemeka, nikaeleza yote: Sake, lile darasa, maneno yangu, kitenge, viazi. Niliomba musamaha mbele ya bote. Aliangalia chini muda murefu, halafu akafungua kaye, akauliza nani bado hajalipa.

Kaye ilibaki kwake.

Juma hili anaumwa malaria, mtoto wake ameniletea kaye na mufuko wa pesa, sio yenye kuhesabiwa, hakuna neno la kuongeza. Nimehesabu mara mbili. Iko 45000, batu batatu bado, na mvua haijakatika.