Kwa Tarehe Ndiyo, Dada

"Dada, umezipanga kwanza?" Tangu Jumanne swali hilo linapanda nami daladala Mwanjelwa na kushuka nami Uyole.

Yule kijana wa mafunzo kwa vitendo mnamjua, kwani ni mimi niliyejitwika kazi ya kumfundisha ile skrini nyeusi ya kuandikia amri za kompyuta. Nilikuwa nahesabu ni mara ngapi kila mfugaji alileta maziwa mwezi Mei, asubuhi na jioni, nikaliendesha faili la namba zao kwa amri ya uniq -c, inayohesabu mistari inayofanana, na kuanza kumsomea mhasibu matokeo kwa sauti. Namba 114 ikajitokeza na 2, ikapotea, ikarudi na 1, ikapotea tena. Hapo ndipo kijana alipouliza. Nikamjibu bila hata kugeuza shingo, "Zimeshajipanga zenyewe, kwa tarehe." Akasema taratibu, "Kwa tarehe ndiyo, dada, ila si kwa namba." Mhasibu akakohoa kile kikohozi chake cha kumezea kicheko.

Wiki hii tumepokea mahari ya mdogo wangu na ofisi imetangaziwa kuhama jengo, nami bado niko kwenye kikohozi kile. Kinachouma ni kwamba jambo lenyewe nilikuwa nalijua: uniq hulinganisha mstari na ule uliotangulia tu, hivyo namba zinazofanana zisipokaa jirani huhesabiwa kama wageni wasiojuana.

Alhamisi usiku nilibonyeza Ctrl na R, nikaandika herufi mbili tatu, na amri yangu ya aibu ikarudi kama nilivyoiacha. Nikaisahihisha: sort ya kwanza izipange namba, ya pili iweke idadi kubwa juu, na head ionyeshe kumi za kwanza tu:

sort namba.txt | uniq -c | sort -rn | head

Namba 114 ikakaa mstari mmoja, mara 47, juu kabisa ya wale kumi wa kwanza. Nilicheka peke yangu. Ule mstari wima (|) kati ya amri, unaopokea matokeo ya amri moja na kuikabidhi inayofuata, uliingia katika mfumo wa kompyuta wa Unix mwaka 1973, mama akiwa bado hajaolewa, na hadi leo haujachoka.

Jana nilimwita kijana, nikakiri, kisha nikamwonyesha Ctrl na R, kwa kuwa yeye hutafuta amri za zamani kwa kubonyeza mshale wa juu hadi kidole kife ganzi. "Dada, hii ulinificha!" Nilifurahi kuliko inavyostahili.

Sasa ni saa nne usiku, baridi ya Juni imekaza, na mama hapokei simu. Juzi aliniambia kwamba huko Uporoto siku hizi analala na jiko la mkaa chumbani, madirisha yakiwa yamefungwa.